Ndiyo ya Ingegerd

Sisi wa huku kaskazini hatupendi kupoteza maneno. Ukimuuliza mtu kama kahawa iko tayari, hasemi ndiyo; anabana midomo na kuvuta pumzi ndani mara moja, kama aliyegusa sufuria ya moto. Hiyo ndiyo ndiyo yetu. Watu wa mji mkuu, Stockholm, wakifika mara ya kwanza hudhani wote tuna pumu.

Dada yangu Ingegerd alikuwa na yote mawili, ndiyo yetu na mapafu mabovu. Alinizidi miaka minne, na kwa sauti alinizidi kwa mbali. Mimi nikiimba kanisani, mchungaji hukohoa. Yeye alikuwa na wimbo wa kubembeleza watoto ambao mama alituimbia kule malishoni tulikohamia na ng'ombe kila kiangazi. Haukuandikwa popote. Ulikuwa kifuani mwake tu, na kifua chenyewe ndicho kilichokuwa kinakufa.

Basi majira ya kuchipua wakaja watu wa sinema kwenye kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Walikuwa wanatengeneza filamu ya nyimbo, ile hadithi ya binti mfalme aliyelaaniwa, akajichoma kidole akalala miaka mia. Ila safari hii mfalme amekuwa meneja wa kiwanda, binti anajichoma na sindano ya cherehani, na anayekuja kumwamsha amepanda pikipiki ya theluji. Huyo huimba injini ikiwa imezimwa, maana ikiwaka hasikiki.

Mwongozaji wao alikuwa msichana anaitwa Tilde, kichwa kimenyolewa kama kondoo wa Juni. Alikuwa anatafuta sauti ya kizee: sauti ya yule bibi anayeipunguza laana, ili binti alale badala ya kufa. Uso angeutoa mwigizaji. Nikamtaja dada.

Dada mwenyewe hakutaka.

"Pumzi zangu zimehesabika, Gunvor. Nikazimalizie kwenye sinema?"

"Ulitaka kuzimalizia wapi? Kunigombeza mimi?"

"Hizo za kukugombeza nimeshaziweka pembeni, usihofu."

Ndipo nikamwambia la kweli. "Dada, ukiondoka sina sauti yako popote. Hata kwenye simu huwa hujibu."

Akatazama dirishani, theluji ilikuwa inadondoka kutoka paani kwa mafungu. Halafu akabana midomo, akavuta pumzi.

Walirekodi siku tatu katika ukumbi wa kanisa, mablanketi yametundikwa kwenye kuta zote kuzuia mwangwi, mtungi wa oksijeni kando ya kiti chake. Anaimba mstari, anapumzika, anaimba mstari. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa na rangi ya beri za buluu. Kwenye gari akaniuliza, "Umeridhika sasa, we shetani?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeridhika kweli.

Alikufa mwezi Agosti, kabla ya viazi kuchimbwa. Daktari alisema kuimba hakukumharakisha. Madaktari wana huruma sana.

Filamu ikaja kwetu Februari, ikaonyeshwa mchana katika ukumbi wa wafanyakazi. Nilivaa sweta ya dada. Pembeni yangu alikaa Hjördis, jirani yangu, mtu anayeongea hata wakati wa sala, na chupa yake ya kahawa mapajani. Nilingoja. Meneja akaimba, cherehani zikaimba, mpaka binti akajichoma akaanguka, na yule bibi akapiga magoti karibu naye. Akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya msichana. Laini, tamu, kama sharubati. Wimbo ulikuwa wa mama yetu, kila noti mahali pake.

"Mbona huyo si Ingegerd?" akasema Hjördis.

"Nyamaza."

"Lakini si yeye!"

"Hjördis, kunywa kahawa yako."

Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi. Tilde akaja kwenye kiti changu, macho mekundu.

"Mama Gunvor, nilitaka kukupigia."

"Simu ilikuwa na homa?"

"Wakubwa walisema sauti inatetemeka mno. Kwamba unasikia anavyohangaika kupumua."

"Alikuwa anakufa, mwanangu. Huwa inatetemeka."

Nikamwomba anipe zile walizorekodi, hivyo hivyo na kutetemeka kwake. Akainamisha kichwa. Zilizokataliwa zilikuwa zimefutwa. Alipouliza, alikuwa amechelewa.

Niliona ile midomo ya buluu ndani ya gari. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa siku tatu za pumzi, na sina hata mstari mmoja.

"Kimebaki kimoja tu," akasema Tilde. "Hukusikia? Kabla ya wimbo binti anauliza kitu, na bibi anaitikia. Mwimbaji wetu hakuiweza ile ndiyo yenu. Alijaribu mara ishirini, kila mara kama mtu mwenye kwikwi. Tukaacha ya dada yako."

Sikuwa nimesikia. Mtu wa huku haisikii, kama usivyosikia saa ya ukutani kwako.

Tilde akaenda kumwomba fundi wa mitambo airudishe sehemu hiyo. Taa zikazimwa tena, viti vitupu, Hjördis ameshavaa koti mkono mmoja. Binti akafumba macho, akauliza, "Utakuwepo nikiamka?"

Na dada yangu akavuta pumzi. Fupi, kavu, na kile kikwaruzo chake mwishoni. Kisha ile sauti ya sharubati.

"Mwongo mkubwa we," nikamwambia dada.

Wakairudisha mara ya pili, ya tatu. Hjördis alivua koti akakaa, akanimiminia kahawa yake. Baada ya mara ya tano Tilde akaniinamia.

"Imetosha, mama?"

Nikabana midomo nimjibu kikwetu. Lakini pumzi haikukubali kuingia; ilikuwa inatoka tu.