Matofali Yaliyoanikwa Juani

Mwanarehema aliporudi Mtopanga baada ya siku tano za kufua mashuka hotelini Shanzu, alikuta matofali yake yote mia nne yako uchi juani, yamepangwa safu kwa safu kama nazi za mbata. Magunia aliyokuwa ameyalowesha na kufunikia matofali yalikuwa yamekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Mtu mmoja tu pale nyumbani hukunja hata gunia.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema Dhahabu, mavyaa yake, mama wa marehemu mumewe. "Uliniambia niyamwagie maji, lakini ulipotoka tu nikayafunua. Udongo ukitota hivyo utakauka lini? Kiuno kimenikatika, lakini nimeyamaliza."

Wallahi, Mwanarehema alitaka kupiga ukemi. Akasema, "Ahsante, mama." Angesema nini tena? Bibi yule alikuwa amekandika kwa mikono yake nusu ya nyumba za Mtopanga, na tangu utotoni alijua jambo moja: maji ndiyo adui wa udongo.

Lakini udongo huu haukuwa ule. Mwaka huo wa themanini na nane ulikuja mradi wa nyumba kwa kina mama ishirini wa kikundi chao. Udongo mwekundu ulichekechwa, ukatiwa simiti kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono yenye mpini mrefu wa chuma. Hakuna tanuri, hakuna kuni. Kila mama afyatue matofali yake mwenyewe, naye apewe simiti na vigae kwa nusu ya bei. Sharti moja tu: matofali yakae siku saba chini ya magunia, yakimwagiwa maji asubuhi na jioni. Kisha fundi wa mradi, Gershom, angechagua matatu na kuyalaza majini mpaka siku ya pili. Likiyeyuka hata moja, nafasi anapewa mwengine, na waliokuwa wakingoja walikuwa hamsini. Mwanarehema ana binti wawili, na mwenye chumba alichopanga ameshamwambia ahame mwisho wa mwezi.

Alitumbukiza kipande cha tofali ndooni. Kufika magharibi kilikuwa uji.

Jirani yake, Nyamvula, alipomwona analia alimwonea huruma. "Chukua matatu yangu, uyaweke mbele. Gershom atajuaje tofali la nani?" Mwanarehema akayachukua, Mungu amsamehe. Usingizi haukumjia mpaka kulipokucha.

Asubuhi Gershom alifika na ndoo zake, kina mama wakamzunguka, na Dhahabu akaketi mlangoni na mkeka wake. Fundi akainama, akanyoosha mkono kwa yale matatu ya mbele.

"Fundi, ngoja!" Mwanarehema alijisikia anasema. "Hayo si yangu. Yangu ni yale ya nyuma, na yameharibika. Nimeyaanika mimi."

"Mwongo we!" Dhahabu aliinuka, mkeka ukaanguka. "Wewe ulikuwa Shanzu! Nimeyaanika mimi, Dhahabu, mbele ya macho ya watu. Mtoto huyu hana kosa. Kama ni kutoa mtu, nitoeni mimi!"

Mwanarehema aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Kisha Nyamvula akakohoa. "Fundi, hata hayo matatu usiyatie majini."

"Kwa nini?"

"Nami niliyaanika, nikidhani ndiyo yatakuwa magumu. Ah! Tangu lini udongo mbichi ukajenga nyumba?"

Kafedha naye akakiri kwamba yake yaliona jua siku ya pili. Akafuata Salme. Mikono ikazidi kuinuka, mingine taratibu, mpaka ikafika kumi na mmoja. Kina mama wakatazamana, na kicheko kikawatoka, kile kicheko cha mtu aliyedhani yuko peke yake.

Gershom aliketi juu ya ndoo yake. "Kosa ni langu," akasema. "Niliwaambia mwagilieni, sikuwaambia kwa nini. Simiti hunywa maji ndipo ishike. Ukiikausha mapema, inakufa kwa kiu."

"Sasa ungelisema hivyo tangu mwanzo, mwanangu," Dhahabu akamjia juu, "si ningeliyanywesha kama kitoto kichanga!"

"Basi yapondeni, mchekeche, tuanze upya. Simiti nyengine nitawaombea mradi. Nafasi ya mtu haiondoki."

Mwanarehema aliketi papo hapo vumbini. Machozi yalimtoka huku anacheka. Alhamdulillahi, alisema, akasema tena.

Matofali mapya hayakuguswa na mtu isipokuwa Dhahabu. Kila adhana aliyamwagia maji, akamfukuza kuku, akamfukuza na mtoto. Gershom alipoyatoa matatu majini, bibi alimpokonya moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalikwaruza kwa ukucha. Halikutoka hata chembe. Akalipakata kifuani, likimlowesha leso, akamwita Mwanarehema kando.

"Siku ile ulinibebea kosa langu," alimwambia, "usirudie tena. Aibu yangu niachie, nitaibeba mwenyewe. Wewe shika hili, tukajenge."