Koti la Mawe

Mume wangu mchongaji hajawahi kufunga vifungo vya shati sawasawa. Kila asubuhi mimi humfunga upya huku nikimsema. Basi alipopewa kuchonga sanamu ya kumbukumbu ya taifa, ya marehemu waziri mkuu aliyekuwa pia mwanasayansi, alivaa koti la maabara, akasimama mbele ya kioo, akalichonga kama alivyojiona.

Wakaguzi walikagua uso tu. Siku ya uzinduzi, pazia lilipoanguka, ndipo nikaona: kila kifungo kimeingia tundu la jirani yake, na koti limekwenda upande. Mkuu wa itifaki akamkata mume wangu jicho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila kwanza nikamfinya.

Mjane wa marehemu alisogea, akanyoosha mkono kwenye kifungo cha juu cha sanamu, kisha akaushusha.

"Nani aliwaambia?" aliuliza taratibu. "Maisha yetu yote nilimfunga vifungo upya mlangoni."

Bibi yule akanigeukia, akatazama shati la mume wangu, ambalo asubuhi ile nilisahau kulifunga upya.

"Mwanangu, mfunge wako," alisema. "Wangu mwacheni hivyo hivyo."