Laurenti Hakuwa na Namba

Alasiri ya Alhamisi Bernadeta alikuwa anaosha karoti za kupeleka gulio la Mkuyuni, wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walipopanda mpaka uani kwake na kumwamkia shikamoo. Winfrida alishika daftari, Innocent kalamu. Walieleza kuwa shule yao ya misheni inakusanya majina ya wanajeshi wa tarafa ile waliofia katika vita vya Kagera. Mwenye malori mmoja wa mjini, aliyeneemeka tangu biashara iachiwe watu binafsi, alikuwa ameahidi jiwe. Padre angelibariki Siku ya Marehemu Wote, na kila jina lililochongwa lingesomwa kwenye misa.

Bernadeta akaacha karoti. Mumewe Laurenti alikwenda vitani na mgambo, mwili haukurudi. Ndugu walingoja mwaka mzima, kisha wakazika mgomba uliovishwa shati lake, kama wafanyavyo pale mtu wao akipotelea mbali. Mgomba ukachipua. Kila mwaka padre akibariki makaburi alipita hapo bila kusimama, maana sala ya marehemu haisomewi ndizi. Miaka kumi na minne Bernadeta alimwombea mumewe peke yake. Alitaka kanisa zima limtaje, hata mara moja.

Innocent alipouliza namba ya jeshi, Laurenti mwenyewe akatokea migombani, akapangusa udongo magotini, akaketi juu ya kinu kilicholala. Alikuwa bado na miaka ishirini na tisa. Wanafunzi wakamwamkia, naye akaitikia marahaba.

"Namba hatukupewa," alisema. "Tulipewa bunduki. Namba tuliambiwa tusubiri."

Innocent akaandika hivyo hivyo. Laurenti akawaeleza na mahali alipolala, ng'ambo ya mto, chini ya mti uliokatwa kichwa na kombora.

Jirani yao Mwamvita alisikia sauti, akaja. Alikuwa mtani wa ukoo wa Laurenti. Ndiye aliyeuimbia ule mgomba matusi ya msibani, kwa kuwa matanga bila mtani hayaishi. Akamtazama Laurenti juu mpaka chini.

"Umekufa bila kuniaga, umerudi bila hata zawadi ya kanga," alimwambia. "Mvivu wewe, hata kuzikwa ulimtuma mgomba."

Laurenti akacheka. Mwamvita akaenda kumletea uji.

Jumatatu Bernadeta, mumewe na wale wanafunzi waliteremka kwa karani wa kamati ya jiwe. Karani alisoma daftari lote, akasifu kazi. Akasema asiye na namba lazima awe na shahidi aliyemwona akifa. Laurenti akasema aliona mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Karani akamsogezea kiti.

"Mama, nitamwandikaje marehemu, naye amekuja kwa miguu yake?" aliuliza kwa upole. "Jiwe ni la waliokufa."

"Basi mwandike kwa waliorudi."

"Waliorudi wana namba, mama."

Winfrida alitaka kubishana. Karani akamwambia kuwa orodha imeshakwenda kwa mchongaji, akawaitia chai.

Siku ya Marehemu Wote jiwe lilifunuliwa mbele ya shule. Juu lilichongwa jina la kampuni ya malori kwa herufi kubwa, chini yake majina kumi na moja ya wenye namba. Padre alisoma moja moja, na kwa kila moja waamini waliitikia, "Apumzike kwa amani." Laurenti alisimama nyuma, kofia mkononi, akiitikia kwa sauti kuliko wote. Saba kati ya wale aliwafahamu, na mmoja Laurenti alikuwa amembeba mgongoni kule vitani.

Padre akafunga kitabu.

"Laurenti," akasema Bernadeta, kwa sauti ya kawaida tu.

Kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kutokea, na watu walikuwa wakiinuka kwenye mabenchi yaliyotolewa darasani. Aliyemwitikia ni mmoja.

"Apumzike kwa amani," alisema Laurenti.

Kisha akavaa kofia, akashika benchi upande mmoja. Bernadeta akashika upande wa pili, wakalirudisha darasani.