Kibanda cha Kupimia Masikio

Siku ya kupima masikio, wafumaji wa kiwanda cha sufu kule Sliven walijipanga nje ya kibanda, wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye viganja. Tsvetana alipoitwa akaingia, akavaa hedifoni, akaketi. Alitakiwa kuinua mkono kila asikiapo mlio. Mkono wake ukabaki pajani, naye akitabasamu peke yake.

Nesi Snezhana akafungua mlango. "Mama, umelala?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kalina anaongea."

Kalina ni mjukuu wake. Mama yake mtoto yuko Ujerumani akitunza wazee wa watu. Kila jioni Kalina humchana bibi yake nywele, akiwa nyuma yake, na mdomo haupumziki. Wakitazamana, Tsvetana husoma midomo kama wafumaji wote. Akichanwa hasikii kitu, basi hujibu, "Ndiyo, mpenzi wangu," na kuomba Mungu liwe jibu lenyewe.

Sasa maneno yote yalikuwa kibandani: jino limeng'oka, paka ana mimba, eti mama atakuja Pasaka?

Snezhana alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo. "Kweli, ni sauti zako. Sauti zilizofukuzwa na kelele za mashine huja kukaa huku, kumetulia. Hata chiriku wa Mzee Dimo, mfumaji mwenzako asiyewasikia tena, wapo." Akaandika kwamba Tsvetana ahamishiwe chumba cha kufungia mizigo, kusiko na kelele, ili usikivu uliobaki usiishe.

Meneja, Injinia Hadzhiev, alikuja kusikiliza mwenyewe.

"Sasa tatizo liko wapi, nesi? Sauti ya mtoto hii hapa, safi kabisa. Kitu kipo ndani ya geti langu, unasemaje kimepotea?"

"Mashine zinamuua masikio, bosi."

"Zinapiga kelele tangu enzi za baba yangu. Kama zinamkera, aziambie zinong'one."

Akaruhusu Tsvetana apitie kibandani kila asubuhi kabla ya zamu kuchukua sauti zake. Alijiona mtu mwema sana siku hiyo.

Basi Tsvetana akawa anasikia asubuhi maneno ya jana jioni, na kuyajibu jioni ya leo.

"Mama haji Pasaka, mpenzi wangu. Hawajampa ruhusa."

Kalina akazunguka mbele ili midomo yake ionekane. "Bibi, hilo nilikuuliza jana. Leo nimekwambia paka amezaa!"

Mwanzoni walicheka mpaka kitana kikaanguka. Kisha mtoto akachoka, kama mtoto yeyote angechoka. Asubuhi moja sauti ikasema kibandani, bila hasira, "Usihangaike kunijibu, Bibi. Siku hizi namwambia paka. Yeye ananijibu hapo hapo."

Baada ya hapo hakukuwa na neno. Kilichosikika ni kitana tu, kikipita kwenye nywele taratibu. Tsvetana alikisikiliza mpaka king'ora cha zamu, na moyo ulimuuma vibaya.

Snezhana akampima tena. Mkono haukuinuka hata mara moja, na maneno ya mtoto hayakuwepo. Akaandika hivyo hivyo.

Hadzhiev alisoma akafurahi. "Hakuna neno jipya linalopotea. Mama wa watu amepona!"

"Lakini bosi, hakuinua mkono."

"Huo ni uvivu," alisema Hadzhiev, na Jumatatu akamwongezea mashine ya pili.