Kasi ya Hewani

"Waya ni mambo ya zamani, shemeji, dunia imeshahama—"

"Imehamia wapi? Na imekuaga wewe peke yako?"

"Niache nimalize! Ripoti inasema—"

"Ripoti haina mdomo! Unayesema ni wewe, na umeanza tangu asubuhi!"

Mkuu wa chuo aligonga meza kwa kalamu. Hawakumsikia. Wajumbe wengine wa kikao walijiegemeza kwenye viti, wakatulia kama watu waliopata sinema ya bure.

Mwanamke alikuwa msimamizi wa maabara ya kompyuta. Mwanamume alikuwa mkuu wa mtandao wa chuo kizima. Wanafunzi walimwita Antena, kwa jinsi alivyotembea kidevu juu kama anayetafuta mawimbi. Kwa bahati mbaya, alikuwa pia amemuoa mdogo wake msimamizi, kwa hiyo dharau zilizoanzia sebuleni zilimfuata hadi kazini. Mtu ambaye televisheni yake mwenyewe huitengeneza kwa makofi leo amewavalia tai kuwafundisha kasi ya mtandao!

Msimamizi angecheka yakaisha, lakini ripoti ya shemeji yake ilikuwa na sumu. Ikipitishwa, waya zote za maabara zinang'olewa, na wiki ijayo wanafunzi wanafanya mtihani wa mwisho kwa waifai. Na mtihani wenyewe ni wa kompyuta: mtandao ukikatika katikati, majibu yanapotea, hakuna wa kumlalamikia. Muhula uliopita binti mmoja aliyekaa kona ambayo waya ulikuwa umeharibika alitumia waifai. Ilimtupa nje mara tatu. Alitoka akilia hadi kwikwi, na mpaka leo anarudia mwaka. Sasa wanataka kumfanya kila mtu akae kwenye kona ile.

"Haya, tuoneshe," msimamizi alisema, akakunja mikono.

Antena alikohoa, akabonyeza. Ukutani zikatokea nguzo mbili za rangi, moja ya waya na moja ya waifai. Zilikuwa sawa. Si kukaribiana, sawa kabisa, mapacha hadi kwenye nukta.

"Ulipimia wapi, shemeji?"

"Ofisini kwangu."

"Na wapi tena?"

"Ofisi yangu iko katikati ya chuo. Ule ni wastani."

Mjumbe mmoja alificha mdomo kwa kiganja.

"Wanafunzi walikuwepo?"

"Nilipima likizo, wasinivurugie."

"Ala! Umepima barabara siku magari yamekatazwa kupita, halafu unatuambia haina foleni!"

"Wewe una wivu na maendeleo. Hata nyumbani mdogo wako anasema—"

"Mwache mdogo wangu, ana mzigo wa kutosha. Pima hapa hapa, sasa hivi, tukuone."

Antena hakungoja kuombwa mara mbili. Laptopu yake ilikaa kwenye kitako cheusi alichokuja nacho kutoka ofisini, maana haendi popote bila kitako hicho. Ndicho kinachoichaji, ndicho kinachounganisha projekta. Alifungua kipimo, akabonyeza. Mshale ukapanda mbio hadi juu, ukasimama pale ukijitanua.

"Waifai hiyo!" alisema, akawageukia wajumbe. "Hewani tupu!"

Msimamizi alizunguka meza taratibu. Nyuma ya kitako kulikuwa na waya tatu, Antena alizozichomeka kwa mazoea alipoingia. Mmoja wa umeme, mmoja wa projekta, na wa tatu wa bluu, mnene, uliotoka kwenye tundu la mtandao ukutani. Aliushika kwa vidole viwili, kama anayemtoa panya kwenye unga, akauchomoa.

Mshale ulianguka. Ulijaribu kuinuka, ukalala tena.

"Subirini," Antena alisema, jasho likimchuruzika. "Bado inatafuta."

"Inatafuta nini? Mchumba?"

Kikao kilipasuka kwa kicheko. Antena aliutazama waya wa bluu, akakitazama kitako, na polepole uso wake ukaingiwa na giza. Msimamizi aliliona giza lile, akaelewa kwamba shemeji yake hakuwa amedanganya. Wiki nzima alikuwa amepima waya, kisha akapima waya uleule kwa jina jingine, kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angedanganya, angalau wangesema ana akili.

"Kichwani mwangu waya nilikuwa nimeshauzima," Antena alinong'ona.

"Humo ulishazimika siku nyingi, baba. Ungezima kwenye kompyuta."

Mkuu wa chuo alisimama, na safari hii walinyamaza. Ndiye aliyebuni wazo la chuo kisicho na waya; ndiye aliyelihubiri kwenye kila hotuba, hata kwenye mazishi ya mhasibu.

"Waya za maabara zisiguswe," alisema. "Mtihani ufanyike palepale kama kawaida. Kikao kimefungwa."

Msimamizi aliuzungushia ule waya wa bluu kwenye kiganja. Wajumbe walikusanya makaratasi yao. Antena alikikumbatia kitako chake, akajitayarisha kutoka bila kumwangalia mtu.

Lakini Mkuu hakutoka. Alikuja mpaka alipokuwa msimamizi, akautazama ule waya wa bluu mkononi mwake, akakohoa.

"Mama," alisema, mbele ya wote, "nimechoka kutuma barua pepe nikiwa nimening'inia dirishani kuitafuta waifai. Naomba, tafadhali, kabla ya kitu kingine chochote, univutie mmoja kama huo hadi mezani kwangu."