Sahihi ya Mzee Mdoe

Jumatano saa tatu asubuhi, Zamda, muuza mihogo wa Mkata, alikuwa kwenye benchi la hospitali moja mjini Handeni, kichwa cha bintiye Faudhia kikiwa mapajani mwake. Kidole tumbo cha Faudhia kilikuwa kimevimba na daktari alitaka kukitoa kabla hakijapasuka. Kwa siku mbili Zamda alikuwa amemkanda tumbo kwa mafuta ya nyonyo na kumnywesha mizizi, akiamini ni chango, kama mama yeyote wa kwao angeamini. Sasa alijilaumu.

Kilichobaki ni fomu. Muuguzi Agripina, mwanamke mpole mwenye miwani, aliisoma kwa sauti: sahihi ya mume au baba.

“Mumewe yuko Kiteto anavuna ufuta,” Zamda alisema. “Simu haipatikani tangu Ijumaa. Nisaini mimi mama yake.”

“Mama, ingekuwa mimi ningekuruhusu sasa hivi. Lakini fomu inasema mume au baba.”

“Nitasaini mwenyewe,” Faudhia alisema, akiwa ameuma meno.

“Wewe ni mgonjwa, mdogo wangu. Baba je, yupo?”

“Yuko Mkata,” Zamda alijibu. “Alifariki mwaka juzi.”

Agripina alitazama saa ya ukutani. “Basi aitwe haraka.”

Zamda akampigia simu Sadala, dereva wa bodaboda aliyewaleta alfajiri na kurudi Mkata, akamwelekeza: makaburi ya nyuma ya msikiti, la tatu kutoka kwenye mkorosho. Sadala aliuliza jambo moja tu, kama mzee ataweza kujishikilia. Barabara ilikuwa na mashimo.

Kabla ya adhuhuri Mzee Mdoe aliteremka getini, sanda ameikunja hadi magotini isinaswe na mnyororo. Agripina akampa shikamoo. “Marahaba, mwanangu,” aliitikia, kisha akatema udongo pembeni kwa adabu. Alipoulizwa umri alitaja sabini na mmoja, aliokuwa nao alipofariki. Kuandika hakujua. Alama ya kwanza ya kidole ilitoka udongo mtupu, hivyo Agripina akamfuta kwa spiriti na ya pili ikatoka vizuri. Alipokuwa hai, mzee huyu hakuwahi kumpeleka Faudhia hospitali hata mara moja. Hata surua Zamda alihangaika nayo peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini fomu haikuwa na sehemu ya uchungu.

Faudhia akaingizwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kikatolewa kikiwa bado kizima.

Siku mbili zilizofuata Zamda alimtembeza bintiye wodini hatua kwa hatua, mto ameukandamiza tumboni, na wodi nzima ikisubiri ajambe, maana bila hivyo hapewi uji. Alijamba Ijumaa asubuhi. Wagonjwa wakapiga vigelegele, hata wenye mishono, na Zamda akalia kwa furaha huku akikoroga uji.

Mzee Mdoe hakurudi Mkata. Habari zilikuwa zimeenea, na wanawake wenye waume machimboni au kwenye malori walipanga foleni mbele yake barazani. Yasinta, Msambaa na Mkristo kutoka Korogwe, alimwita baba, naye akambonyezea kidole. Hakuna aliyeuliza. Mzee alikaa pale kwa fahari, akinyooshewa kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

Jumamosi Faudhia akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Fomu ya ruhusa nayo ilitaka mume au baba, kwa hiyo Zamda akamtoa mzee kwenye foleni kwa dakika moja. Agripina alipokuwa akimfuta kidole, Zamda akauliza:

“Sista, na mimi nikifa, nitaweza kumsainia mwanangu?”

Agripina hakumcheka. Aliisoma fomu taratibu, mbele na nyuma, maana alikuwa amempenda mama huyu na alitamani kumpa jibu zuri.

“Hapana, mama,” alisema. “Hata ukifa.”

Zamda akashukuru. Akamfunga Faudhia khanga juu kidogo ya mshono, isimbane, wakatoka kwenda kumsubiri Sadala.