Bibi wa Namba Kumi na Saba

Barua ya kamati ilifika Jumatatu, na kufikia Jumanne mchana kila aliyefanya kazi kwenye ile filamu alikuwa ameshaisoma, isipokuwa aliyehusika kuliko wote. Huyo alikuwa karakanani kwake, ameinamia pua ya mpira, akiuomba mkono wake wa kulia utulie japo dakika mbili.

Watu walimwita Fundi Sura. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewatengenezea waigizaji nyuso za mizimu, za majini, za maiti waliofufuka na za viumbe wa sayari ambazo hakuna aliyefika akarudi kusema amekosea. Kila mwaka kulikuwa na sherehe ya tuzo za filamu za kutisha, za maajabu na za sayansi ya kubuni, na kila mwaka alivaa gauni lake la buluu, akakaa safu za nyuma, akawapigia makofi watu wengine. Mara nane aliteuliwa kugombea tuzo ya Sura Bora. Mara nane alirudi mikono mitupu, na mara zote nane mama yake, aliyekuwa akifuatilia sherehe kwenye televisheni akiwa kitandani, alimpigia simu na kumuuliza swali lilelile: "Mbona sikusikia jina lako?"

Basi hilo ndilo alilolitaka, wala hakuona haya kulitaka. Ile sanamu ya shaba angeweza kumwachia yeyote mwenye kabati. Alitaka jina lake litamkwe kwenye kipaza sauti mara moja tu, mama akiwa bado na masikio ya kulisikia. Mama alikuwa na miaka themanini na sita, na tangu siku ya kwanza aliiona kazi ya binti yake kuwa ni kupaka watu matope. Tena safari hii hapakuwa na habari ya mwakani. Daktari alishamweleza Fundi kuhusu mkono: ugonjwa ule wa kutetemeka haurudi nyuma, huenda mbele tu. "Tafuta kazi nyingine," alimwambia, kirahisi kama anayekushauri ubadilishe kiti. Fundi hakumwambia mtu.

Filamu yenyewe ilihusu bibi wa miaka mia na mbili anayekataa kufa mpaka amzike mjukuu wake wa mwisho. Aliyeigiza alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mgeni kabisa kwenye fani, kwa sababu hakuna bibi wa kweli ambaye angekubali kutembea juu ya mapaa usiku na kisu mdomoni. Kila siku ya kazi Fundi alimbandika vipande kumi na moja vya mpira laini, kuanzia paji la uso hadi kifuani, akazipandikiza nyusi unywele mmoja mmoja, akampaka madoa ya uzee mikononi. Saa tano za kazi, kila siku, kwa wiki sita. Siku ya mwisho alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake, akajua kwamba hajawahi kufanya nzuri kama hiyo na hatafanya tena.

Mtayarishaji, ambaye wote walimwita Bosi ingawa hakuwa na hata ofisi, aliingia karakanani Jumanne hiyo bila kubisha hodi.

"Fundi, tumepata tuzo."

Aliiweka pua mezani ili asiiangushe. "Sura Bora?"

"Tuzo ya Mkongwe."

"Mkongwe nani? Kwenye filamu yetu mtu mzima ni mimi na yule dereva."

"Bibi," alisema Bosi, akiangalia viatu vyake. "Wamempa bibi."

Hapa inabidi nieleze utaratibu wa kamati, maana bila huo hakuna atakayeamini. Ili asipendelewe mtu, filamu zote hupelekwa kwa waamuzi zikiwa zimekatwa majina, mwanzo na mwisho, zikabaki na namba tu. Waamuzi saba, watu wenye miwani na heshima zao, walikaa siku tisa wakaangalia filamu thelathini. Walipofika namba kumi na saba wakamwona ajuza akirukaruka juu ya mapaa, wakatoa vitambaa wakajifuta macho. Kwa umri ule! Filamu ilikuwa haijaonyeshwa kokote, msichana hajulikani na mtu, na mwaka huo walikuwa wakitafuta mzee wa kumpa Tuzo ya Mkongwe. Wakaona Mungu amewaletea.

Bosi alimpa barua. Nyuma yake ilibanwa karatasi ya maksi ya waamuzi, na Fundi aliisoma akifuata mistari kwa kidole. Namba 17. Hadithi: nzuri. Sauti: wastani. Kazi ya sura: hakuna.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikaishia njiani, akabaki ameitazama ile "hakuna" iliyoandikwa kwa wino mweusi, mwandiko mzuri kabisa.

"Waambie," alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba watu saba wazima wamemlilia msichana aliyevaa mpira? Tukiwaumbua watatupa Sura Bora? Watatufutilia mbali, Fundi. Filamu itafia kabatini. Watu ishirini na sita wamefanya kazi ile, wewe si peke yako."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka bibi aje Jumamosi achukue tuzo yake."

Bosi aliona bora ameze dawa yote kwa mkupuo.

"Na kwenye majina ya mwisho wa filamu, unaelewa, hatuwezi kuweka fundi wa sura. Ukiweka fundi, watu watauliza sura ipi. Lakini sitakutupa. Nitakuweka kwenye chakula."

"Chakula?"

"Waandaaji wa chakula. Mwakani nitakupandisha juu kabisa, nakuapia."

Mwakani! Fundi aliuficha mkono mfukoni mwa aproni. Aliwafikiria wale ishirini na sita mmoja mmoja, yule dereva, yule mpiga picha aliyetoka kuoa, na msichana mwenyewe ambaye hakuwa na kosa lolote. Akasema sawa. Lakini moyoni alikuwa ameshapanga lake.

Mpango haukuwa mgumu. Kipande cha shingo huishia chini ya sikio la kushoto, na pale ukingo wake ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukiuyeyusha kwa pamba na spiriti unapotea, hata ukitazama kwa kurunzi huuoni. Usipouyeyusha, utakaa vizuri saa mbili tatu, halafu joto la taa za jukwaani litaukunja. Utanyanyuka mbele ya kamera, nchi nzima itaona, na mtu atalazimika kuuliza nani aliyeitengeneza sura hii. Yeye hatakuwa amefungua mdomo. Ukingo ndio utakaosema.

Jumamosi saa tatu asubuhi msichana alikaa kwenye kiti cha karakana, nywele zimefungwa.

"Shangazi, mimi nitakutaja," alisema. "Bosi aseme atakavyo. Nikishika tu kile kipaza sauti, nitakutaja."

"Funga mdomo, nakubandika kidevu."

Mkono ulimsumbua tangu mwanzo. Mara mbili gundi ilimwagika, na nyusi ya kulia aliipandikiza akiwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama anayemvusha mtoto barabara. Ilipofika saa nane bibi alikuwa amekamilika, isipokuwa ule ukingo chini ya sikio. Fundi alifunika chupa ya spiriti, akaiweka mbali, akamwambia msichana asimame.

Bibi akasimama. Akageuza shingo polepole kujitazama kwenye kioo, na pale chini ya sikio Fundi aliuona ule mstari. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona kama jicho lionavyo kibanzi kilicholiingia.

"Kaa," alisema.

"Kuna nini?"

"Nimesema kaa."

Akaifungua chupa. Nataka ieleweke kwamba hakuwa amebadili mawazo. Alikuwa bado anataka ukingo unyanyuke, alikuwa analia kwa kuutaka. Lakini mkono ulichovya pamba, ukapita chini ya sikio mara tatu, taratibu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule mzima haukutetemeka hata kidogo. Ukingo ukapotea. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuachia kazi mbovu itoke mlangoni, na siku aliyoihitaji kazi mbovu hakuiweza.

Ukumbi ulijaa mapembe na mabawa. Ndiyo desturi ya watazamaji wa sherehe ile, kila mmoja huja na kiumbe chake: hapa jini la kadibodi, pale roboti la masanduku lisiloweza kukaa. Fundi, kwenye gauni lake la buluu, alikaa karibu na mzee mmoja mwenye meno ya plastiki aliyekuwa akiyatoa kila alipotaka kupiga chafya. Sura Bora ilikwenda kwa shetani wa kijani mwenye pembe tatu. Pembe moja ilianguka akipanda ngazi, aliyemtengeneza akaikimbilia, ukumbi ukacheka kwa upendo. Jina la fundi yule lilitamkwa mara nne. Fundi Sura alizihesabu.

Kisha akaitwa bibi. Mshereheshaji mwenyewe alishuka kumshika mkono, akambusu vidoleni, juu ya madoa ya uzee yaliyopakwa mchana uleule. Watu wote walisimama. Mapembe yalisimama, mabawa yalisimama, mzee wa meno ya plastiki alisimama akilia waziwazi. Chini ya zile taa shingo ya bibi ilitulia, kila kunyanzi mahali pake.

Bibi alikishika kipaza sauti. Alimtafuta Fundi kwa macho mpaka akampata. Midomo ilifunguka, na katika safu ya mbele Bosi alikohoa.

"Namshukuru Mungu," alisema bibi kwa sauti ya kukwaruza, "aliyenipa sura hii."

Ukumbi ulilipuka.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni walikuwa karakanani tena. Msichana alikaa amefumba macho huku Fundi akimbandua kipande baada ya kipande na kukitupa kwenye mfuko wa taka, kama alivyoagiza Bosi. Machozi yalikuwa yamelegeza gundi ya mashavu, kwa hiyo vipande vyake havikusumbua kutoka.

"Nisamehe, shangazi. Niliogopa."

"Najua."

Simu ikalia. Fundi aliibonyeza kwa kiwiko, sauti ya mama ikajaa chumba.

"Mbona sikusikia jina lako?"

Fundi alikuwa na kipande cha paji mkononi. Alichoka. Akasema yote: msichana, mpira, waamuzi, Bosi, saa tano za kubandika. "Yule bibi ni kazi yangu, mama. Nimemtengeneza mimi kwa mikono hii."

Upande wa pili mama alipunguza sauti ya televisheni.

"Mwanangu," alisema mama, kwa upole ambao hakuutumia mara nyingi. "Kushindwa si aibu. Nimekuona ukishindwa mara nane, sikukucheka. Lakini yule bibi nimemwona kwa macho yangu. Mimi ni mzee, nawajua wazee. Shingo ile ni ya kweli. Mwache, ameheshimiwa mara moja kabla ya kufa. Usimwonee kijicho bibi wa watu."

Msichana aliinyakua simu. "Bibi, ni kweli! Ni mimi niliyepanda jukwaani, nakuapia, huyu shangazi ndiye..."

"Na huyo mtoto umemtoa wapi?" mama aliuliza. "Umefika mahali pa kutafuta watu wa kuja kunidanganya?"

Fundi alimwondolea msichana simu, taratibu. Mkono ulikuwa unatetemeka sasa, akaushikilia kwa ule mwingine.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kweli, nilikuwa na kijicho."

"Haya, imekwisha. Yule bibi anaitwa nani? Jina lenyewe sikulishika. Nataka nimwombee."

Fundi akamtajia jina la msichana.